Uzi: Nani ana sauti kati ya dada zetu wa Bongo Fleva? Tuje na hoja, tuache ushabiki

MzeeWaNoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila Zuchu au Nandy akiachia ngoma, mabishano huwa yaleyale: huyu ana sauti, yule hana, yule kabebwa na studio. Hukumu inatolewa kwa kipande cha sekunde 30 kilichochukuliwa na simu mbele ya spika. Naomba humu kila anayesema "ana sauti" au "hana" aonyeshe amesikia nini, sehemu gani ya wimbo, na kwa nini iko vile.

Naanza mimi. Noti ya juu kabisa ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote. Waimbaji wengi wa kike wa pop hufanya kazi zao nyingi kati ya noti A3, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 220, na C5 ambayo ni hezi 523. Mtihani wenyewe uko eneo la A4 mpaka D5, hezi 440 hadi 587. Hapo sauti ya kifua, ile nzito ya chini, inafika mwisho wake na ya kichwa, ile nyepesi ya juu, inaingia. Ni kivuko. Asiyekijua hubeba kifua chote mpaka juu, shingo ikakakamaa na noti ikatoka kama ukelele. Au sauti inamgeuka ghafla, chini nene, juu nyembamba yenye hewa tupu. Wapo pia wanaotunga melodi inayoishia chini ya kivuko kila mara. Huyo wa mwisho simhesabii kosa, maana anaijua sauti yake na anaitungia.

Ukitaka kupima mwenyewe, pakua programu ya kutyunia gitaa. Usiiwekee wimbo mzima, kwa sababu besi na kinanda vitaichanganya. Tafuta pale biti linapokatwa na sauti kubaki peke yake, mara nyingi ni kabla ya kiitikio cha mwisho. Andika noti tatu: ya chini kabisa inayosikika kwa uwazi, ya juu kabisa aliyoishikilia angalau sekunde 2, na ile anayokaa muda mrefu kuliko zote. Hiyo ya tatu ndiyo inakwambia aina ya sauti yake. Wengi wanaandika ya pili tu halafu wanaanza kugombana.

Mfano ni Lady Jaydee. Kuanzia albamu ya Machozi mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi "Ndi Ndi Ndi" ya 2016, makazi yake ni chini, sauti nzito yenye mkwaruzo laini. Ukimpima kwa noti za juu umemkosa kabisa. Nguvu yake ni kwamba noti za chini hazifi. Waimbaji wengi wakishuka huko wanabaki na pumzi tu, neno halisikiki. Yeye neno linabaki na mwili.

Nandy yuko upande mwingine: sauti angavu, inayokata, inayopenda kupanda kwenye kiitikio. Sikilizeni "Ninogeshe" ya 2018, kisha EP (albamu fupi) ya injili ya Wanibariki ya 2020. Kwenye injili anashikilia noti ndefu zaidi, na hapo ndipo utajua pumzi yake ikoje, kwa sababu noti ndefu haina pa kujificha.

Zuchu namwachia anayeijua taarab, maana naona anapimwa kwa rula isiyo yake.

Mkenya_Halisi

Hamjambo nyote. Mimi naomba Nikita Kering' awekwe mezani. Alichukua tuzo 2 za AFRIMA, tuzo za muziki za Afrika nzima, mwaka 2021, moja ya mwanamuziki bora wa kike Afrika Mashariki na nyingine ya R&B na Soul. Sikilizeni "Ex" ya mwaka huohuo. Anapokimbiza noti, yaani silabi moja inapitishwa kwenye noti tano au sita kwa haraka, kila noti inasimama mahali pake.

Hilo linapimika. Fungua wimbo YouTube, weka kasi 0.5. Kimo cha noti hakibadiliki, ni mwendo tu unaopungua. Mwenye wepesi wa koo utasikia ngazi: noti, noti, noti. Asiye nao utasikia mteremko mmoja wa matope, mwanzo upo, mwisho upo, katikati hakuna kitu. Kwa kasi ya kawaida vyote viwili vinaweza kukudanganya vikafanana.

Na tusiwasahau waliotangulia. Sanaipei Tande, mtoto wa Mombasa, alitokea shindano la uimbaji la Coca-Cola Popstars mwaka 2004 akiwa na kundi la Sema. Huyo ana Kiswahili cha pwani na koo la R&B kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida.

BintiWaNgambo

Asalaam aleikum. MzeeWaNoti, hapo kwenye rula umenena, kaka yangu.

Zuchu ni mtoto wa Khadija Kopa. Bi Khadija ni yule wa Culture Musical Club, kisha kundi la TOT, enzi za mipasho ya miaka ya 1990 alipokuwa akijibizana na Nasma Khamis wa kundi la Muungano. Mtoto aliyekulia kwenye sauti hizo hawezi kuimba kama aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa au kwenye R&B ya Marekani. Tofauti zenyewe ni hizi.

Taarab ya akina mama haipandi kwenda sauti ya kichwa ili ionekane tamu. Inakaa kifuani, na mlio unasogezwa mbele, puani na kwenye mifupa ya uso. Sababu yake ni ya kazi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, sahani moja ilibeba kama dakika 3 kwa upande, na sauti ilitakiwa ipenye juu ya udi, fidla na ngoma. Sauti yenye makali ya mbele hupenya, yenye hewa humezwa. Bi Kidude naye, aliyefariki 2013, alikuwa na sauti hiyohiyo ya kupasua, hakuibembeleza.

La pili ni mapambo. Mwimbaji wa taarab hapambi katikati ya neno ovyo. Anaweka mapambo mwisho wa mshororo, kwenye kina. Neno linasemwa wazi kwanza, msikilizaji alipate, halafu irabu ya mwisho inavutwa na kuzungushwa noti mbili tatu. Ndiyo maana mtu mzima wa Ng'ambo, kwetu Unguja, akikosoa mwimbaji hasemi "hafiki juu", anasema "hatamki". Kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko kukosea noti.

La tatu, mtetemo. R&B inautaka mwisho wa kila noti ndefu, mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Taarab mara nyingi inaacha noti imenyooka, halafu inaikata kwa kishindo kidogo. Aliyezoea R&B akisikia noti imenyooka anadhani mwimbaji kaishiwa.

Sasa sikilizeni "Mauzauza" kwenye EP ya I Am Zuchu ya 2020. Mama na mwana wako wimbo mmoja. Msishindanishe nani ana nguvu, jibu linajulikana. Sikilizeni wanavyotua mwisho wa mshororo. Mtamsikia mama kwa uzito wake na mtoto kwa wepesi wa pop, lakini mahali pa kupamba ni palepale. Huo ndio ufundi wa Zuchu, na hauonekani kwenye tyuna ya gitaa.

FundiMaiki

Niongeze upande wa studio na jukwaa, maana huko ndiko lawama nyingi zinakosewa.

Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti za mwimbaji, ilitoka mwaka 1997. Mwaka 1998 Cher akaifanya isikike waziwazi kwenye "Believe". Tangu hapo watu wanadhani Auto-Tune ni ule mlio wa roboti tu. Ule ni mpangilio mmoja kati ya mingi. Kuna kitufe cha kasi ya kusahihisha, kinahesabiwa kwa milisekunde. Ukikiweka 0, noti inaruka papo hapo, ndio roboti. Kwenye 20 hivi inasikika ya kisasa, imenyooka lakini bado ni mtu. Ukifika 50 na kuendelea ni vigumu msikilizaji wa kawaida kugundua. Karibu kila wimbo wa pop unaotoka leo umepita kwenye kitu cha namna hiyo, wa Los Angeles na wa Dar es Salaam. Kwa hiyo swali la "ametumia au hajatumia" halina maana. Uliza imefanya kazi kiasi gani, na imeharibu nini.

Na hapa nashika hoja ya dada BintiWaNgambo. Programu unaiambia wimbo uko kii gani, yaani umejengwa kwa noti zipi, nayo inavuta kila noti iende kwenye noti ya karibu ya kii hiyo. Mapambo ya taarab yana noti za kupita, nyingine ziko katikati ya noti mbili za kinanda. Ukiweka kasi kubwa, programu inayaona mapambo kama makosa na kuyanyoosha yote. Sauti inatoka safi, imekufa. Prodyuza anayejua kazi anafanya hivi: anapunguza kasi kwa kupandisha namba mpaka 40 au 50, au anazima programu kabisa kwenye mwisho wa mshororo na kusahihisha noti mojamoja kwa mkono kwenye programu nyingine, Melodyne. Inachukua saa mbili badala ya dakika mbili. Wengi hawaifanyi hiyo kazi, na lawama inamwangukia mwimbaji kwamba "sauti yake haina ladha".

Dalili za kusikiliza kwa hedifoni: silabi ndefu inayoanza juu kidogo ya noti kisha ikanyooka kama kamba, irabu inayobadilika rangi katikati bila sababu, na pumzi. Pumzi zikiwa zimekatwa zote, hata kabla ya mstari mrefu, ujue sauti imeunganishwa vipandevipande. Hapo uwezo wa pumzi wa mwimbaji huwezi kuuhukumu kwa wimbo huo.

Kuhusu jukwaani, plebeki, yaani kuimba juu ya faili lililorekodiwa, ziko aina tatu, na si sawa. Ya kwanza, faili lina kila kitu pamoja na sauti kuu, maiki imezimwa. Ya pili, faili lina sauti kuu iliyoshushwa, naye anaimba juu yake. Ya tatu, faili lina biti na waitikiaji tu, sauti kuu ni yake mwenyewe. Ya tatu mimi naihesabu laivu.

Utazitambuaje? Angalia mkono. Umbali wa maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inashuka desibeli 6 hivi. Akiitoa maiki mdomoni kutoka sentimita 5 hadi 20 na sauti haikubadilika, ni ya kwanza. Ukisikia sauti mbili zinazopishana kidogo mwisho wa maneno, hasa kwenye "s" na "t", ni ya pili. Akicheza kwa nguvu halafu mstari ukatoka na mhemo, maneno mengine akawaachia mashabiki, hiyo ni ya tatu. Na hata plebeki yenyewe isiwe hukumu ya uwezo: wimbo wa taifa wa Marekani alioimba Whitney Houston kwenye Super Bowl ya 1991, ule unaosifiwa mpaka leo, sauti iliyorushwa ilikuwa imerekodiwa kabla.

Kosa linaloharibu sauti za dada wengi jukwaani ni kushika maiki kichwani kwa kiganja. Maiki hizi zimetengenezwa zisikie mbele na zisisikie nyuma. Ukifunika wavu kwa vidole, umeziba matundu ya nyuma yanayofanya kazi hiyo. Inaanza kupiga mluzi, fundi analazimika kushusha sauti, naye hajisikii, anaanza kupiga kelele, na nyimbo tatu baadaye koo limekwisha. Mkono ushike mpini.

Tausi_wa_Moro

Naomba kuuliza wakuu. Mwimbaji akiimba laivu chini kuliko kwenye rekodi, si ndiyo ushahidi kwamba kwenye rekodi alibebwa na studio?

FundiMaiki

Hapana, dada Tausi. Kushusha kii nusu toni mbili kwa shoo ni jambo la kawaida. Studio anaimba kiitikio kimoja, anapumzika, anarudia mara kumi, inachukuliwa iliyo bora. Shoo ni dakika 60 mfululizo, anacheza na joto liko juu. Wimbo ambao kilele chake ni D5 ukishushwa nusu toni mbili unakuwa C5, na hiyo ndiyo tofauti ya kuimba na kukwama usiku huo.

Kinachokera ni namna inavyoshushwa. Ukichukua wimbo uliokamilika na kuuvuta chini kwa programu, ngoma zinalegea, kiki, ile ngoma nzito ya chini, inakuwa kama godoro. Ni lazima urudi kwenye mradi wenyewe, ushushe vinanda, gitaa na besi, uache ngoma kama zilivyo. Dijei akiletewa MP3 ya kuvutwa, watu wanasema mwimbaji hana nguvu wakati biti ndilo lisilo na nguvu.

SautiYaPili

Mie ni wa kwaya, nitagusa Kiswahili chenyewe, kwa sababu nyuzi za namna hii huwa zinakiruka.

Tuna irabu tano. A, e na o zinafungua kinywa. I na u zinafunga. Juu ya kivuko mwimbaji akilazimika kushikilia "i" kwa nguvu, ulimi umepanda, njia imebanwa, sauti inatoka kama filimbi iliyozibwa. Dawa ni kufungua taya kidogo na kuisogeza "i" ielekee "e", na "u" ielekee "o", kiasi ambacho sikio bado linapokea neno lile. Ikizidi, "penzi" linakuwa "penze" na wimbo umeharibika. Mtunzi mzuri anamkwepesha mwimbaji wake mapema: noti ya juu na ndefu inaangukia neno lenye "a" au "o". Chukueni kiitikio chochote kilichopendwa, angalieni noti ya juu imekalia irabu gani. Mara nyingi mtakuta "a".

Kisha mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi ikiweka noti nzito kwenye silabi nyingine, neno linayumba, na pengine linageuka neno jingine kabisa: "barabara" yenye mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia, yenye mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa. Waimbaji wanaoandika melodi kwa kunung'unika Kiingereza cha kubuni kisha wakaingiza maneno baadaye, ndio wanaonaswa hapa. BintiWaNgambo kasema "hatamki", nami naongeza kwamba mara nyingine anatamka vizuri ila melodi imemkosesha.

Halafu kuna zawadi ambayo lugha nyingi hazina: "m" inayojitegemea kama silabi. "Mpenzi" na "mtoto" zinayo, "mwisho" haina. Kwenye "mpenzi" ile "m" unaweza kuiimba, kuishikilia, hata kuipa noti yake, midomo imefungwa. Mwimbaji mwerevu anaitumia kuandaa mlio mbele ya uso kabla hajafungua irabu. Ila tahadhari na "p" inayofuata, inapuliza upepo kwenye maiki. Studio, weka kichujio cha upepo, kaa sentimita 15, na geuza maiki pembeni kidogo isikabiliane na mdomo moja kwa moja. Nyimbo zetu zimejaa "penzi", "pendo" na "pumzi", kwa hiyo hili halikwepeki.

Kuhusu pumzi, zoezi ninalolipenda ni "s". Vuta pumzi, toa "sss" kwa nguvu sawa mpaka iishe, hesabu sekunde. Pumzika, fanya "zzz". Mtu mwenye nyuzi za sauti zenye afya hupata namba zinazokaribiana. "S" ikiwa 21 na "z" ikawa 14 au pungufu, pumzi ipo ila nyuzi hazifungi vizuri. Hapo si mazoezi ya pumzi yanayotakiwa.

Mkenya_Halisi

@SautiYaPili shukrani mwalimu. Hiyo ya s na z inaonyesha vinundu kwenye nyuzi za sauti?

SautiYaPili

Inaonyesha kuna shida ya nyuzi kufunga, haikuambii ni shida gani. Inaweza kuwa vinundu, uvimbe wa kupiga kelele, au mafua tu. Sauti ikiwa imekauka zaidi ya wiki 3, ni daktari wa masikio, pua na koo, aangalie kwa kamera. Tangawizi na asali vinatuliza koo, lakini havigusi nyuzi, kwa sababu chakula kinapita njia nyingine. Na mtu asinong'one akidhani anapumzisha sauti. Anyamaze, au aongee chini kwa sauti ya kawaida.

Adele alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti Novemba 2011, akafuta shoo zake, akakaa kimya kama alivyoelekezwa. Februari 2012 akarudi kuimba kwenye Grammy na kuondoka na tuzo 6. Wanaohimiza dada zetu "apige shoo tu, atapona akiwa njiani" wauangalie mfano huo kwa makini.

Cha kufanya kila siku ni mrija. Mimina maji kwenye chupa, tumbukiza mrija sentimita 2 hadi 3, puliza huku ukitoa sauti ya "uuu" ikipanda na kushuka taratibu, dakika 5. Mapovu yakitoka kwa mwendo sawa, pumzi iko sawa. Yakikatika kwenye noti fulani kila mara, ndicho kivuko chako alichokisema MzeeWaNoti. Fanya kazi hapo, usikiruke.

MzeeWaNoti

Nimejifunza mengi humu, na naongeza jina moja jipya kabla hatujaenda mbali. Abigail Chams. Ana kinanda na fidla mkononi, na "Me Too" aliyomshirikisha Harmonize mwaka 2025 imempeleka mpaka kuwania tuzo za BET. Kinachonivutia kwake ni usahihi wa noti anapoingia. Hapapasi kutafuta noti kutoka chini, anatua juu yake moja kwa moja. Wapiga ala wengi wanakuwa hivyo, kwa sababu wanaisikia noti kabla hawajafungua mdomo. Ninachosubiri kwake ni ile sehemu ya BintiWaNgambo, kumkalisha msikilizaji kwenye neno.

Na Zuchu, albamu ya Peace and Money ya 2024, kwa wanaotaka kuisikiliza upya kwa vipimo hivi: mara ya kwanza sikilizeni mwisho wa mishororo tu, acheni mengine yapite. Mara ya pili irabu za noti za juu. Mara ya tatu pumzi.

BintiWaNgambo

Na mtumie hedifoni za waya. Spika ya simu inakata chini, na sauti za kifua nusu yake iko huko.